Saratani ya tezi dume: Usikimbilie kisu, usikimbie hospitali

Picha za MRI zinawawezesha baadhi ya wagonjwa kuishi na uvimbe mdogo bila kupasuliwa, kwa sharti moja: kurudi kila wanapoitwa

Na Mwandishi Wetu

WANAUME wengi wa Jinja na Mbale wanaposikia neno saratani, mawazo yao huenda sehemu mbili tu: kisu au kaburi. Ndiyo maana mgonjwa anapoambiwa na daktari kwamba ana saratani ya tezi dume, kisha akaambiwa aende nyumbani na arudi baada ya miezi mitatu, hubaki ameduwaa.

Wapo wanaodhani daktari amekata tamaa. Wapo wanaodhani wanazungushwa ili watoe kitu kidogo. Na wapo wanaofurahi kupita kiasi, wakashika njia ya mpakani kutafuta riziki na wasionekane tena hospitalini.

Makundi yote matatu yamekosea. Kumwacha mgonjwa bila kumpasua wala kumpiga mionzi, huku akipimwa kwa ratiba maalumu, ni njia inayotambuliwa na wataalamu wa saratani duniani. Huitwa uangalizi wa karibu. Saratani imeonekana, imepimwa, imekutwa ni ya aina inayokua polepole, na sasa inawekewa doria. Ikijaribu kutoka nje ya mipaka yake, inakamatwa.

Katika doria hiyo, jicho kubwa siku hizi ni picha ya MRI, ile inayopigwa kwa mashine yenye sumaku kali.

Kwa nini saratani iachwe?

Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, kikiuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri unapopanda tezi hiyo huweza kutanuka, na mara nyingi kutanuka huko si saratani. Wakati mwingine chembe zake huota ovyo, na hapo ndipo saratani huanza.

Ugonjwa huu ndio unaoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Uganda. Hata hivyo haufanani kwa kila mtu. Kuna saratani kali inayofika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga kabla mwenyewe hajajua kitu. Na kuna iliyo pole, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi mpaka akafa kwa sababu nyingine kabisa.

Wataalamu huzitenganisha kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa sindano, kipimo kiitwacho biopsi, kisha kuvitazama kwa darubini na kuvipa alama za Gleason. Alama 6 ni saratani pole. Alama 8, 9 au 10 ni saratani kali. Uangalizi wa karibu unawafaa zaidi wenye alama 6, pamoja na baadhi ya wenye alama 7 ambao uvimbe wao ni mdogo na haujatoka nje ya tezi.

Sababu ya kutokimbilia kisu ni madhara yake. Upasuaji wa kuondoa tezi unaweza kumwacha mtu akivuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume. Mionzi nayo inaweza kuharibu utumbo mkubwa na kibofu. Kwa mtu ambaye saratani yake huenda isingemsumbua kamwe, hiyo ni bei kubwa mno.

Mmoja wa waanzilishi wa njia hii ni Dk Laurence Klotz wa Toronto, Kanada, aliyeanza kuwaandikisha wagonjwa mwaka 1995. Baadaye Uingereza ilifanya utafiti mkubwa uitwao ProtecT. Wanaume 1,643 waligawanywa katika makundi matatu: waliofuatiliwa tu, waliopasuliwa na waliopigwa mionzi. Matokeo ya baada ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Kati ya wote hao, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45: 17 katika kundi la kufuatiliwa, 12 katika kundi la upasuaji na 16 katika kundi la mionzi.

Tofauti hiyo ya vifo ni ndogo. Lakini utafiti huohuo una upande wa pili ambao mgonjwa anapaswa kuelezwa. Saratani ilisambaa mwilini kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, wakati kwa waliopasuliwa ilikuwa asilimia 4.7 na kwa waliopigwa mionzi asilimia 5. Na katika miaka hiyo 15, zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walifikia hatua ya kupasuliwa au kupigwa mionzi. Takriban robo yao walikuwa hai bila kupata tiba yoyote.

Inafaa kukumbuka kwamba wagonjwa wa utafiti huo walifuatiliwa zaidi kwa kipimo cha damu. Hawakuwa na MRI ya kuchungulia ndani ya tezi kama ilivyo sasa.

MRI inaona nini?

Kipimo cha damu kiitwacho PSA hueleza tu kwamba kuna jambo katika tezi, bila kueleza liko wapi wala ni lipi. Ni kama kusikia mbwa akibweka usiku: huenda ni mwizi, huenda ni mgeni, huenda ni paka. PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi ya njia ya mkojo na kwa tezi iliyotanuka tu.

Biopsi ya zamani nayo ilikuwa na kasoro. Sindano ilichomwa kwa kubahatisha, upande huu na upande ule, bila kujua uvimbe umekaa wapi. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya utafiti uitwao PROMIS uliohusu wanaume 576. Biopsi ya kubahatisha ilikamata asilimia 48 tu ya saratani za kutia wasiwasi, wakati MRI ilizionyesha kwa asilimia 93.

MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT scan. Sumaku yake na mawimbi ya redio huyafanya maji yaliyo mwilini yatoe ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha. Kwa tezi dume, mtaalamu hutazama umbo la tezi, halafu hutazama jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe. Palipo na saratani chembe zimebanana kama abiria ndani ya matatu, maji hayapati nafasi ya kupita, na sehemu hiyo hujitokeza wazi.

Kila doa hupewa alama kuanzia 1 mpaka 5. Alama 1 na 2 hazitii wasiwasi, 3 ni ya katikati, 4 na 5 zinahitaji sindano ielekezwe hapohapo.

Kwa mgonjwa aliye katika uangalizi, swali linakuwa tofauti kidogo: je, doa la mwaka jana limebadilika? Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana juu ya alama nyingine za 1 mpaka 5 kwa ajili ya kulinganisha picha ya zamani na mpya. Alama 1 na 2 zina maana doa limetoweka au limepungua, 3 liko vilevile, 4 limekua, na 5 ugonjwa umevuka hatua. Kwa hiyo picha moja peke yake haitoshi. Thamani ya MRI katika uangalizi iko katika kuweka picha mbili au tatu sambamba.

Ratiba ikoje?

Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza unaweza kuwa mfano. Mwaka wa kwanza, PSA hupimwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mwezi wa 12 daktari hupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kati ya mwezi wa 12 na wa 18 mgonjwa hurudia MRI. Kuanzia mwaka wa pili, PSA hupimwa kila miezi 6 na kipimo cha kidole mara moja kwa mwaka. Dalili ikibadilika, MRI au biopsi hurudiwa bila kungoja.

Hata hivyo MRI si mganga anayejua yote. Baadhi ya saratani humponyoka, na picha iliyosomwa na mtu asiye na uzoefu wa tezi dume inaweza kupotosha. Ndiyo maana madaktari hawaachi kabisa biopsi kwa sababu tu picha imeonekana safi.

Je, na Mwafrika pia?

Hili ni swali la haki, kwa sababu wanaume wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa huu kwa wingi zaidi. Nchini Uingereza mwanamume mweusi mmoja kati ya 4 hupatikana na saratani ya tezi dume maishani mwake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya 8.

Jibu mojawapo lilitoka Marekani mwaka 2020. Watafiti walifuatilia wanajeshi wastaafu 8,726 waliokuwa katika uangalizi, kati yao weusi 2,280. Baada ya miaka 10 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 59.9 ya weusi na asilimia 48.3 ya weupe, na weusi wengi zaidi walikuwa wamehitaji tiba. Lakini waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 1.1 kwa weusi na asilimia 1.0 kwa weupe.

Kwa lugha nyepesi, mwanamume mweusi anaweza kuingia katika uangalizi na akawa salama, lakini doria yake inahitaji kuwa kali zaidi kwa sababu ugonjwa wake una uwezekano mkubwa wa kusonga. Wanajeshi hao walikuwa na huduma ya kuwafuatilia bila kukatika. Mtu wa Namatala au Walukuba anayepima mara moja na kupotea miaka mitatu asijihesabu katika takwimu hizo.

Ipo pia tofauti nyingine. Wagonjwa wengi nchini Uganda hufika hospitalini saratani ikiwa tayari imetoka nje ya tezi, wakati mgongo unauma na mkojo umeziba. Huyo hana nafasi ya uangalizi wa karibu, anahitaji tiba mara moja. Njia hii ni ya aliyegunduliwa mapema, na kugunduliwa mapema kunahitaji mtu apimwe akiwa bado mzima.

Kwa waliorejea nyumbani

Mashariki mwa Uganda kuna watu wengi waliorudi kutoka ng'ambo. Wapo Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na baadaye wakarejea kufufua maduka na viwanda vyao Jinja na Mbale. Wapo Waganda waliofanya kazi miaka mingi London, Marekani au nchi za Ghuba, na sasa wanajenga nyumba za uzeeni. Baadhi yao hurudi wakiwa tayari wameandikishwa katika uangalizi huko walikotoka.

Kosa linaloweza kumgharimu mtu wa namna hii ni kurudi na sanduku la nguo bila kumbukumbu za ugonjwa. Kabla ya kuondoka, aombe mambo manne. Kwanza, picha zenyewe za MRI kwenye CD au kifaa kingine cha kuhifadhia, kwa kuwa karatasi ya maelezo pekee haimwezeshi daktari wa huku kulinganisha doa la zamani na jipya. Pili, majibu ya biopsi yenye alama za Gleason. Tatu, orodha ya PSA zote pamoja na tarehe. Nne, barua inayoeleza kipimo kijacho ni lini na jambo gani likitokea uangalizi usimamishwe.

Akifika, amtafute mtaalamu wa magonjwa ya njia ya mkojo kabla hajaugua chochote. Anaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale ili aelekezwe. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967, ndiyo kituo kikuu cha taifa cha ugonjwa huu.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani

Mtu anayelala Busia leo, kesho Malaba, keshokutwa Lwakhakha au Suam, ana tatizo la aina yake. Hupima PSA popote anapokuwa, leo kwenye maabara ya upande huu, mwezi ujao ya upande wa Kenya. Mashine za maabara hazifanani, na namba inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya mashine tu. Inafaa achague maabara moja na kuing'ang'ania. Namba aiandike katika daftari kama anavyoandika madeni ya wateja: tarehe, maabara, kiasi.

Kuna mambo mengine yanayochafua kipimo hicho. Busia ndiko linakotajwa chimbuko la jina boda boda, enzi za kuvusha abiria na mizigo kwa baiskeli. Kuendesha baiskeli kwa nguvu, na pia kumwaga mbegu za kiume, kunaweza kuipandisha PSA, hivyo mtu ajizuie kwa saa 48 kabla ya kutoa damu. Aliyekuwa na maambukizi ya mkojo angoje wiki 6 baada ya kupona.

Jambo jingine ni dawa za kupunguza tezi, finasteride na dutasteride. Mtu akizitumia kwa miezi kadhaa, PSA yake hushuka kwa takriban nusu hata kama saratani ipo. Anayenunua vidonge hivyo duka la dawa upande mmoja wa mpaka na kupima upande wa pili bila kusema, anamdanganya daktari na kujidanganya mwenyewe.

Upande wa safari, mambo yamekuwa mepesi. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Aliye karibu na Malaba anaweza kuamua ni wapi panamfaa kwa kipimo, Kampala au miji ya Kenya. La muhimu ni kutohama hama: MRI ya pili ipigwe mahali palepale ilipopigwa ya kwanza, na ikishindikana, aende na picha za zamani mkononi.

Mashine, umbali na fedha

Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Mbale ni zaidi ya kilomita 200. Kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni, nauli, malazi na gharama ya kipimo si mzigo mdogo. Kabla ya kufunga safari, apige simu aulize maswali matatu: mashine inafanya kazi leo? Sumaku yake ina nguvu kiasi gani? Yupo mtaalamu aliyezoea kusoma picha za tezi dume? Sumaku ya tesla 1.5 au 3 ndiyo inayotumika kwa kazi hii. Asikubali kupewa CT scan kama mbadala, kwa sababu CT haionyeshi vizuri kilicho ndani ya tezi.

Ipo habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao PRIME, uliofanyika katika nchi kadhaa kwa wanaume karibu 500. MRI fupi isiyo na sindano ya dawa ya kung'arisha picha ilifanya kazi sawa na ile ndefu yenye dawa: kila moja iligundua saratani za kutia wasiwasi kwa takriban asilimia 29 ya waliopimwa. Utafiti huo ulihusu ugunduzi wa mara ya kwanza, na ulisisitiza picha ziwe za ubora. Hata hivyo, mgonjwa anaweza kumuuliza daktari kama kwake picha fupi inatosha.

Ndani ya mashine mtu hulala kimya hadi nusu saa au zaidi, na kelele ni nyingi. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo, au aliye na kipande cha risasi mwilini, lazima aseme kabla hajaingia chumbani, maana sumaku haichagui chuma. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kuchomwa dawa. Aliyefanyiwa biopsi kwa kawaida huambiwa angoje wiki kadhaa ili damu iliyovuja isiharibu picha.

Mbale yenyewe ina nafasi katika historia ya kuzileta mashine hizi karibu na watu. Hospitali ya watoto ya CURE mjini humo ilipata sifa duniani kwa kutibu watoto wenye maji kichwani, na mahitaji ya watoto hao yaliwasukuma wahandisi kutafuta MRI ya bei nafuu. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, watafiti wa Uganda na wenzao wa Uholanzi waliunganisha mashine ya namna hiyo kwa siku 11. Sumaku yake ni dhaifu mno kwa kazi ya tezi dume, lakini imeonyesha kwamba MRI inaweza kuundwa hapahapa.

Doria inapokwisha

Uangalizi si ndoa ya maisha. Doa likikua kwenye picha, alama za Gleason zikipanda, au PSA ikapaa bila sababu nyingine, daktari atashauri tiba. Mgonjwa ajiandae kwa siku hiyo, kwa fedha na kwa mawazo. Uganda ilijifunza kwa uchungu mwaka 2016, mashine yake pekee ya mionzi ilipoharibika. Wagonjwa walibaki njia panda, na Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu 400 bila malipo. Mashine mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa 2018, na tangu hapo zimeongezwa nyingine za kisasa.

Jingine ni kutoficha. Mwaka 2010 Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo Waziri wa Huduma za Matibabu wa Kenya, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa California, akarudi kazini. Mwaka 2017 alichaguliwa gavana wa Kisumu. Kama waziri aliweza kulitaja gonjwa hilo mbele ya kamera, baba wa familia anaweza kumwambia mkewe na wanawe. Watoto wa kiume wanahitaji kujua, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu, na familia yenye historia ya saratani ya matiti nayo ijihadhari.

Mwanamume mwenye miaka 45 na kuendelea, hasa ambaye baba au kaka yake aliugua, azungumze na daktari kuhusu PSA. Asisubiri mkojo uanze kukatika katika.

Mbale ni nchi ya imbalu, ambako kijana wa Kigisu husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Ujasiri unaotakiwa hapa ni wa aina nyingine, na hauna ngoma wala watazamaji. Ni kupanda basi la alfajiri kwenda kupimwa, miezi sita ikipita upande tena, na mwakani tena, hata kama mwili hauumi popote.